Biasha na Njia ya Mkotokuyana

Biasha alikuwa mwepesi wa kufunga mzigo. Majirani wa Ruponda walilijua hilo mapema, tangu alipoolewa na Amri, kijana mpole aliyekuwa kibarua wa kufyeka pori katika mashamba ya karanga ya Wazungu, Nachingwea. Neno likimuuma, Biasha hakutukana wala hakupiga kelele. Alikunja kanga zake, akazifunga, akashika njia ya Mkotokuyana kwa bibi yake Swaumu.

Kwa kweli hakuwa akikimbia. Alikuwa akitazama kama atafuatwa. Utotoni, mama yake alimwacha kwa bibi huyo akaenda Lindi na mwanamume wa mashamba ya mkonge, akaahidi kurudi mavuno yakiisha. Mavuno yaliisha, mengine yakaja, mama hakuonekana. Tangu hapo Biasha hakuamini kwamba anapendwa mpaka aone mtu anamjia kwa miguu yake.

Na Amri alikuwa akija. Alimwamkia bibi, akala, akalala, asubuhi akauchukua mzigo wa mkewe begani. Lakini njia nzima hakusema kitu. Amri alilelewa na mjomba mkali, ambaye mtoto akilia kwake huongezewa fimbo. Basi alijifunza kumeza. Ugomvi ukianza nyumbani, alitoka nje akanoa shoka.

"Sema neno, Amri," Biasha alimwambia siku moja. "Hata la ukali."

"Niseme nini? Yameshapita."

"Kwako yamepita. Kwangu bado yapo."

Amri akaendelea kunoa. Kadiri alivyonyamaza, ndivyo Biasha alivyozidi kumchokoza, na kadiri alivyochokozwa, ndivyo alivyozidi kunyamaza.

Kisha Wazungu wakaiacha karanga yao, na vibarua wengi wakaachishwa kazi. Amri alirudi Ruponda akawa anashinda uani, hasemi na mtu. Biasha aliona ukimya ule unamhusu yeye.

"Unakaa humu kama mgeni," alisema. "Kama hunitaki, niambie."

Amri aliinuka akaenda shambani. Biasha akafunga kanga zake.

Safari hiyo alikaa kwa bibi akiitazama njia, wala Amri hakutokea.

"Mjukuu wangu," bibi alimwambia, "mume huitwa, hategwi. Rudi mwenyewe."

"Nikirudi mwenyewe, nitajuaje kama ananitaka?"

"Utamwuliza."

Biasha hakurudi. Ufuta ulivunwa, mvua nyingine zikanyesha, mwishowe wakaja wazee wa ukoo wa Amri, wakaeleza kwa upole kwamba mwenzake amehamia Ruangwa na ameona afadhali wapeane talaka. Biasha aliwapikia wageni, wakala, wakaondoka. Ndipo akaingia ndani akajifungia.

Baadaye aliolewa Chiola na Yunusi, mtu mzima aliyefiwa na mkewe, mwenye maneno mengi. Kwake alijifunza kuuliza kabla ya kuondoka, ingawa mwanzoni mkono ulikuwa ukienda wenyewe kwenye kanga.

Miaka mingi haikupita akaenda kwenye matanga Ruangwa, akamkuta Amri anapasua kuni za wapishi. Walijuliana hali, kisha Biasha akauliza alichokuwa nacho moyoni siku zote.

"Ulikuwa umenichoka?"

Amri aliweka shoka chini. "Hapana. Siku ile ya mwisho nilikufuata mpaka mtoni, katikati ya njia, nikakaa pale. Nikajiona sina kazi, sina kitu. Nikasema, huyu kila mara anaondoka. Labda safari hii nimwache, apate anachokitaka."

"Nilikuwa nimekaa barazani, nakungoja."

"Sikujua. Nilidhani anayeondoka anataka kuondoka."

"Mbona hukuja ukaniuliza?"

"Mimi sijui kuuliza, Biasha. Na wewe, mbona hukuniambia?"

Mke mpya wa Amri alipita na ndoo ya maji, akamsalimu Biasha vizuri, naye akaitikia. Amri akarudia kuni zake.

Aliporudi Chiola, Yunusi alimwona amejiinamia, akamwuliza kulikoni. Biasha alitaka kusema si kitu. Lakini alikaa kwenye kigoda akamweleza yote, hata habari za mto. Mwenye maneno mengi siku hiyo alisikiliza bila kumkatiza, akasema tu, "Pole, mke wangu." Biasha alilia kwa muda mrefu. Alikuwa akimlilia Amri aliyekaa peke yake pale mtoni, na Yunusi alilijua hilo, wala hakumkataza.