Nyonga Moja, Bei Mbili

Fundi wa mageti, yule wanayemwita Msasa kwa ukali wake, haamini bei ya mtu. Ataaminije, na yeye mwenyewe ndivyo anavyokula mjini? Mteja akishuka kwenye gari, geti linapanda bei kabla hata hajasalimia. Akija kwa miguu, linashuka.

Basi mama yake alipoteleza bafuni akavunjika nyonga, Msasa akajiona mjanja. Akamvalisha gauni la kudekia, yeye akavaa ovaroli lenye matundu, saa akaiacha nyumbani. Akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka dirishani kwa mhasibu wa hospitali.

Mhasibu, dada mmoja miwani kaipandisha kichwani, akataja bei ya kuwekewa nyonga ya chuma. Damu ikampanda Msasa.

"Dada'ngu, hebu tuangalie vizuri. Tunafanana na hela hiyo?"

"Kaka, hapa hatuangalii mtu. Bei ndiyo hiyo."

"Acha hizo! Dada yangu kaolewa nchi jirani, kaulizia huko. Nyonga hiyohiyo, nusu bei! Nyie mnamwekea mama ya dhahabu?"

Foleni ikaangua kicheko. Mhasibu wala hakutabasamu.

"Kule serikali inanunua vyuma vya nchi nzima kwa mkupuo. Kiwanda kinabanwa mpaka kinalegea. Hapa kila hospitali inajinunulia kivyake kwa wakala, naye wakala kanunua kwa wakala mwenzie. Kila mkono unamega chake."

Hilo lilimwingia, maana hata yeye na mafundi wenzake huchanga wakanunua mabomba ya chuma kwa jumla, wakauziwa chee. Lakini kutulia? Thubutu!

"Na huyo wakala ni nani? Shemeji yako?"

Akageuza kiti, wakaondoka. Wiki hiyohiyo wakavuka mpaka, mama anaugulia maumivu kila basi likiingia shimoni.

Huko bei kweli ikawa nusu. Ungedhani angeshukuru. Wapi! Sasa urahisi wenyewe ndio ukamtia wasiwasi, maana yeye akishusha bei ya geti, bati huwa jepesi. Akamdaka daktari mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

"Dokta, samahani, hicho chuma naomba nikione."

"Kimefungwa. Tukikifungua huku nje kitaingia vijidudu."

"Basi niguse boksi tu, nisikie uzito."

Mama, kalazwa kwenye kitanda cha magurudumu, akainua kichwa.

"We mtoto! Kule ghali, ukawaita wezi. Huku rahisi, unawaona matapeli. Mimi nitatembea lini?"

"Mama, si nakulinda?"

"Utanilinda nikishasimama. Nesi mwanangu, sukuma."

Nesi akasukuma, anajizuia kucheka. Mlango ukafungwa. Msasa akabaki koridoni, akamsogelea mlinzi.

"Braza, hebu niambie ukweli. Huyu daktari mnamjua vizuri?"