Maua ya Njano Chini ya Dirisha

Mtaani walimwita Fundi Uzi, kwa kuwa alikuwa mwembamba na hakukosa nyuzi mbili tatu zilizoganda kwenye gauni lake. Mumewe alifanya kazi mji wa mbali na kurudi kwa nadra. Nyumbani alibaki yeye, cherehani yake, na mama mkwe aliyepooza miguu, ambaye kitanda chake kilisogezwa dirishani ili atazame uani.

Huko uani palikuwa na mmea utambaao, wenye majani mazito na maua ya njano, ambao mama mkwe aliupanda enzi za nguvu zake. Majirani waliuita Haondoki. Ulikuwa umefunika uwanja wote, ukaziba mfereji, ukapenya chini ya ukuta hadi kwenye mchicha wa jirani. Mvua ikinyesha, maji hukosa njia yakaingia chumba cha cherehani, na mteja ambaye sketi ya bintiye imeota madoa hataki kusikia habari za maua.

"Mama, tuupunguze kidogo."

"Nikifa muung'oe wote, hata mkitaka mpikie supu. Nikiwa hai, usiguse."

Hapo ndipo aliponasa. Kila mama mkwe alipokohoa, wazo lilimjia kabla hajalifukuza: mfereji utazibuka lini? Alijichukia. Siku hizo alimsugua bibi huyo mgongo kwa muda mrefu kuliko kawaida, kama mtu aombaye radhi bila kutaja kosa.

Muuza miche wa barabarani akamshauri. "Chukua huu, ndugu yake karanga. Unatambaa kwa adabu, unashika udongo, na ukiupunguza kando unatulia. Maua yake njano vilevile."

"Njano kabisa?"

"Shemeji, kwa mbali hata mimi nadanganyika."

Macho ya mama mkwe yalishafifia. Fundi akaanza na ukanda ulio chini kabisa ya dirisha, usioonekana kutoka kitandani. Aling'oa Haondoki, akapanda ule mpya. Na kwa kuwa kila mwenye bustani pale mtaani hufunika miche kwa magugu yaliyokatwa, udongo usikauke, naye akaukatakata Haondoki kwa panga, akautandaza kati ya miche.

Mvua ikanyesha. Kila kipande chenye fundo kikatoa mizizi. Miche ikamezwa, na Haondoki ukapanda ukutani hadi ukachungulia chumbani.

Mama mkwe alifurahi hata machozi yakamlenga. "Njoo uone, mwanangu! Kumbe umenipandia! Na mimi nakusema kwa kila anayekuja kunijulia hali, eti mke wa mwanangu hathamini jasho langu."

Fundi alisimama na bakuli la uji mkononi. Angenyamaza tu, angekuwa mkwe mwema wa mtaa mzima, mpaka mvua nyingine. Chumba cha pili maji yalikuwa bado yamesimama miguuni mwa cherehani.

"Sikuupanda, mama. Nilikuwa nauondoa. Nikakosea kuukatakata."

"Kwa siri?"

"Kwa siri."

"Ulingoja nife, ukachoka?"

Swali lilimpata penyewe. "Kuna siku niliwaza hivyo, mama. Nikajichukia."

Mama mkwe aliondoa macho dirishani. "Nigeuze. Nitazame ukuta."

Fundi akakizungusha kitanda, kikiburuzika na kulia sakafuni. Uji haukuguswa. Kisha akatoka na gunia. Safari hii hakushika panga. Aliufuata kila mtambao kuanzia ncha, akaulegeza fundo baada ya fundo, akautia guniani mzimamzima.

"Unaharakisha wewe!" sauti ikatoka ndani. "Nasikia inakatika!"

"Ni miwili tu, mama."

"Vitafute hivyo vipande. Hivyo ndivyo vitakavyotuzika sote humu ndani."

Fundi akapiga magoti tena, uso karibu na tope. Mawingu yalikuwa yakijikusanya upya.

"Nikimaliza, nije nikugeuze?"

"Nani kakuuliza? Tafuta."