Nilipojisomea Chakula cha Uskoti

Juzi jioni mimi na mke wangu tuliingia mgahawa mmoja hapa Masasi unaopika vyakula vya Uskoti, kuta zote zimejaa picha na vinyago. Mhudumu akaanza kututajia vyakula. Nikainua mkono: "Subiri, binti. Nasoma mwenyewe."

Miaka yote nilikuwa nasubiri mwenzangu aagize, kisha nasema, "Nami niletee kama chake." Sasa nimemaliza darasa la kusoma la watu wazima. Kidole kikatambaa kwenye karatasi ya vyakula, jasho linanitoka: "Tumbo la kondoo, li-li-lo-ja-zwa maini na shayiri. Hicho!"

"Baba Zuhura," mke wangu akacheka, "si utumbo huo? Nakupikia kila siku!"

"Wako sijawahi kuusoma, mama."

Akaniangalia, akamgeukia mhudumu: "Nami niletee kama chake."