Kisubi mwenye damu haingii

"Hicho kichupa hakiendi popote, Okot."

"Mama Nangila, zamu yetu ya mashine ni saa nne. Tukiikosa, mpaka mwezi ujao!"

"Basi tuikose."

Ni saa tatu na nusu asubuhi, katika maabara moja ya Mbuya, Kampala. Nakhisa, mama wa Nangila, mwenye miaka arobaini na saba na mzaliwa wa Bungoma, amefumbata kichupa. Ndani mna visubi hamsini waliosagwa. Ni wadudu wanaouma, wadogo kuliko mbu, walionaswa kwa mtego wa taa katika zizi la Hajati Rumaisa, Nateete. Ng'ombe wake wanne wametupa mimba. Vinasaba vya virusi, vitakavyosomwa na mashine, ndivyo vitakavyoonyesha kama visubi ndio wanaoeneza ugonjwa.

Kazi ya Nakhisa ni kuwachambua kwa hadubini, mmoja mmoja, kwa ncha ya brashi. Anawatambua kwa madoa ya mabawa. Mwenye tumbo jekundu ametoka kunywa damu, naye huwekwa kando. Kwa siku hupitia elfu moja.

Jana alimpeleka bintiye hospitali Nsambya. Okot, mwanafunzi wa uzamili, akachambua mwenyewe. Leo maji ya kichupa yana wekundu.

"Ni wawili tu walioshiba," Okot anajitetea.

"Wanatosha. Damu ni ya ng'ombe. Ukikuta virusi, utasema ni vya mdudu au vya chakula chake?"

"Mwenye digrii ni mimi, nyabo."

"Na mwenye macho ni mimi, ssebo," Nakhisa anamrudishia: bibi kwa bwana, kwa Kiganda.

Okot anacheka bila kutaka.

Nakhisa aliingia hapa miaka kumi na mmoja iliyopita, kusugua sakafu. Siku moja, akifuta meza, alichungulia hadubini akasema, "Huyu si ndugu wa hawa." Alikuwa sahihi. Tangu hapo hakurudishiwa ufagio.

"Uji ukiungua, huukorogi ukampa mgeni," anasema. "Hajati akipewa jibu bovu, atapambana na mdudu asiye na kosa, na ng'ombe wataendelea kutupa mimba."

Ndoto yake ni kila wilaya ipate mtu mmoja anayeyajua madoa haya. "Hata asiye na digrii. Awe na subira tu."

Anapiga simu chumba cha mashine. "Zamu yetu wapeni wengine." Anakimwaga kichupa kwenye ndoo ya dawa, anatoa kwenye friza nusu iliyobaki ya visubi walionaswa, kisha anasukuma kigoda kwa mguu.

"Kaa, mwanangu. Shika brashi."

Okot anakaa.