Ndege ya London Juu ya Miwa Iliyoungua

Muuza kahawa hapa uwanja wa ndege ameunguza sukari, na harufu hiyo imenirudisha kwenye shamba letu karibu na Shianda.

Baba alikuwa amechoma miwa ili ikatwe, kama walivyofanya wote miaka ile ya sukari. Muwa ukishaungua hauna subira. Usipofika kiwandani upesi, unachacha na kukauka. Trekta ya kuubeba haikuja. Siku zilipita, baba akiwa amekaa juu ya rundo la miwa iliyokatwa, panga mapajani, akitazama moshi wa kiwanda, mwendo wa asubuhi moja tu kwa miguu.

Ndege ikapita juu kabisa, ikiacha mstari mweupe.

“Hiyo inaenda London,” akasema mjomba, kaka ya mama, aliyewahi kupika chakula cha abiria wa ndege Nairobi. “Masaa nane tu angani, imetua. Shemeji, si ungepakia miwa yako huko!”

Akacheka. Baba aliruka, akampiga mdomoni kwa ubapa wa panga, mara mbili, kisha akamkalia kifuani na kumkaba koo. Mama alimvuta shati hadi likachanika. “Ni shemeji yako! Utaua shemeji yako!”

Baba alipomwachilia, alirudi kukaa juu ya miwa. Mjomba alitema jino kwenye majivu. Nilichuchumaa karibu naye, nikanong’ona, “Na kutoka London inaendanga wapi?”

Alipangusa damu kwa kiganja, akatazama juu.

“Amerika. Masaa nane mengine. Sasa nenda umletee baba yako maji.”