Mbwa Niliyemlaza Miguuni pa Mama Mkwe

Nimekosa, jamani. Nimekosa, na walioadhibiwa ni wengine.

Tunaishi kijijini, nje kidogo ya Sumbawanga. Mnaoijua Ufipa mnaijua baridi ya mwezi wa sita, upepo unakata masikio. Mama mkwe wangu ni mzee, miguu yake haipati joto. Basi mimi, kwa kumpenda, nikawa namlaza mbwa wetu miguuni pake, kando ya moto.

Mchana mbwa huyo alizurura vilabuni akila machicha ya pombe, akiingia jiko la huyu na kutokea la yule. Jioni akirudi, mama mkwe anaingiza nyayo chini ya tumbo lake na kucheka: "Blanketi langu limekuja!"

Funza wakaanza. Vidole vya mama mkwe, kisha visigino, kisha watoto wa kijiji kizima.

Siku moja kwenye mashine ya kusaga wanawake wakaulizana funza wametoka wapi. Nikadakia, "Si kwa wale wenye ng'ombe? Kabla hawajahamia hapa, nani alikuwa na funza?"

Nilimsema Mama Kulwa, jirani yangu Msukuma. Wakacheka. Mmoja akanigonga bega: "Shoga, wewe una macho!" Ole wangu, nikajiona mtu!

Haikupita wiki nikamwona mbwa anachechemea, analamba miguu. Nikamgeuza. Katikati ya vidole funza walikuwa wamevimba, weupe, wamebanana kama punje za mahindi machanga. Nikaelewa palepale. Nikamwachia, nikanawa mikono.

Nimfunge? Wangeuliza kwa nini. Nimpake dawa? Wangeona. Kila nilikogeukia, maneno yangu ya mashineni yalikuwa yamesimama mlangoni. Nikamwacha aendelee kuzurura, akimwaga mayai ya funza kwenye vumbi la kila jiko.

Kisimani watoto wa Mama Kulwa wakafukuzwa: "Rudini na funza wenu!" Na mama yao, jamani, ndiye aliyekuja na pini na beseni kumtoa funza mama mkwe wangu.

"Shikamoo, bibi. Lete huo mguu."

"Mnatuletea wadudu, halafu mnakuja kuwatoa."

"Tulia, bibi, nitakuchoma bure."

Mimi nilishika beseni. Beseni tu, jamani!

Baada ya mavuno Mama Kulwa alikuja kuaga. "Tunashuka bondeni, jirani. Huku wanangu hawana wa kucheza naye."

Nikajibu, "Mungu awatangulie." Kweli, hayo ndiyo niliyojibu!

Sasa zizi lao ni tupu, na funza bado tunao. Mbwa nimemfunga hatimaye. Wakiniuliza nasema anauma. Mama mkwe hawezi kusimama, anatambaa kwa magoti mpaka mlangoni, nami siwezi kumwacha hata niende shamba. Tunatazamana kutwa, sisi wawili na mbwa.

Wewe unayefuga mbwa wa kuzurura, mgeuze umtazame nyayo kabla hujamtaja jirani. Mtibu, mfunge, asilale walipo watu. Na kama umeshamsingizia mtu, rudi ukaseme leo, mashine nzima ikuzomee. Ukichelewa utakuwa kama mimi.

Jana Mama Kulwa alinipigia simu kutoka bondeni. "Jirani, miguu ya bibi inaendeleaje?"

Nikamwambia inaendelea vizuri.