Maksai Wanne Mnadani Habaswein

Niliondoka Garissa kwa sababu ya sentensi moja. Baada ya sala ya Alasiri, jirani yangu, mfanyabiashara mstaafu, alitangaza barazani kwamba nchi tajiri huuza mali zake na nchi maskini huzipenda mno. "Watazame wafugaji wetu," alisema. "Ng'ombe wanakufa kwa kiu, wao bado wanahesabu pembe."

Nilimuuliza aliyaona wapi hayo. Akajibu kwamba kila mtu anajua. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote, na jambo linalojulikana na kila mtu hunitia shaka. Isitoshe, mpwa wangu Dahabo, mjane, alikuwa njiani kupeleka maksai wake wanne mnadani Habaswein. Asipowauza, watoto wake wangekosa unga kiangazi chote. Nikaamua kwenda kujionea.

Alfajiri iliyofuata nilipanda basi. Baada ya Modogashe nilipita kisima ambacho pampu yake ilikuwa imefungwa kwa mnyororo na kufuli. Abiria mwenzangu alisema iliharibika zamani, ikafungwa isiibwe. Kufuli niliiona mwenyewe. Hayo mengine ni maneno yake.

Habaswein, saa nne asubuhi. "Abti, umekuja kununua?" Dahabo alinitania, akiniita mjomba kwa Kisomali.

"Nimekuja kuona kama unajua kuuza."

Dalali alimshika mnunuzi mmoja mkono chini ya shali, wakabanana vidole; ndivyo bei inavyotajwa hapa, wengine wasiisikie. Dalali alipomnong'oneza, Dahabo aliruka. "Hiyo ni bei ya ngozi! Nyama nimpe sadaka?"

"Basi rudi nao nyumbani, mama," mnunuzi akacheka.

Mimi, msomi, nikamshauri akubali, asizipende pembe kupita kiasi.

"Pembe nazipenda lini, Abti? Nimetembea siku mbili, na kisima cha njiani kimefungwa. Nikirudi nao, wawili watakufa njiani. Huyu mnunuzi anajua. Ndiyo maana anacheka."

Nikamsaidia kuwatoa maksai uwanjani.

Adhuhuri alikuja Mzee Hirsi, jamaa wa marehemu mumewe, mwenye birika la maji ya mvua lililochimbwa nje kidogo ya mji. "Walete wanywe," alisema. "Mgeni hanyimwi maji, hata mwenye kwato."

Tulikaa kwake hadi mnada uliofuata. Kila jioni Hirsi alishuka ngazi za birika na ndoo, na kila jioni alishuka ngazi moja zaidi kuyafuata maji.

Siku ya mnada, mnunuzi yuleyule alikuja na lori lililojaa nusu. Safari hii yeye ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono. Dahabo alikataa mara mbili kupitia kwa dalali. Ya tatu akaitikia. Maksai walikuwa walewale, tena wamekonda kidogo. Kilichoongezeka ni uwezo wa mwenye mali kungoja. Jioni ile Dahabo alipakia magunia ya unga juu ya gari la punda, akaniaga bila kunitania.

Nimerudi Garissa. Sidai kwamba birika moja linaeleza umaskini wa mataifa. Nasema nililoliona: penye maji na njia, muuzaji anaweza kukataa bei; pasipokuwa navyo, hulaumiwa kwa kutopenda kuuza.

Jirani yangu alinisikiliza, kisha akapunga mkono. "Alhamdulillah, mvua zikija birika la Hirsi litajaa tena."

"Litajaa," nilimjibu. "Lakini mvua haifungui kufuli."